Mtu wa Posta Hapigiwi Saksafoni

Nyie wadogo zangu mnaonitumia meseji kila siku, "kaka, nitafute kazi gani", leo nimekaa kitako nakujibuni wote kwa pamoja. Mie ni mstaafu. Nna miaka thelathini na nne, mgongo mzima, meno yote yangu, na nimestaafu. Msicheke. Kazi niliyostaafu haifanyi mtu tena hapa Ibra, Omani, wala Nizwa, na Maskati sijaisikia, kwa hiyo mnayemsoma ndo mkurugenzi, karani na mfagizi wa fani nzima.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: nilikuwa natazama filamu kwa niaba ya mtu mwengine.

Shule niliacha darasa la sita. Mie na shule tuliachana kwa amani, kila mtu akashika njia yake. Kiingereza changu kinaanzia oke kinaishia tenkyu, hapo katikati jangwa tupu. Nikawa naendesha gari la maji. Nachukua maji, nazunguka mitaani, nawajazia watu matangi. Alasiri moja nikafika nyumba ya Mzee Khalfan, nikapandisha mpira juu ya paa, na tangi lile kubwa, linachukua nusu saa kujaa. Nikaegemea dirisha la majlis, chumba cha wageni. Ndani kuna TV, filamu ya zamani, haina rangi, wanaume wote wana makofia na makoti kama wanaogopa mafua. Na muziki ule wa jazi. Mzee kakaa peke yake, kanzu nyeupe, uso kauelekeza ukutani. Nikasema moyoni, huyu kaisusia TV yake.

"Nani anapumua dirishani?"

"Shikamoo, ami. Mie wa maji."

"Marahaba. Maji siku hizi yanapita dirishani?"

"La, ami, natazama kidogo. Yule mwenye kofia ataumia sasa hivi. Mtu yuko nyuma ya pazia na yeye kashughulika na sigara."

Mzee akageuza sikio upande wangu. Kisha akauliza taratibu, "Pazia la wapi?"

"Hilo hapo, ami. Mkono wa kulia."

"Mie sioni, mwanangu. Presha ya macho imechukua yote mawili. Nasikia tarumbeta, limezibwa mdomo, najua kuna mtu kajificha, nimekaa hapa robo saa sijui kajificha wapi. Nyuma ya pazia, siyo?"

"Nyuma ya pazia. Viatu vinaonekana chini."

"Mjinga," akasema, na uso wake wote ukafurahi. "Ingia ndani."

Nikaingia. Tangi likajaa, likafurika, maji yakateremka ngazi mpaka zizi la mbuzi. Mkewe, Bi Thureya, akatoka jikoni kashika upindo wa gauni, anauliza nani kamletea falaji, mfereji wa mashamba, juu ya paa lake. Hiyo ndo siku niliyoajiriwa.

Sasa fahamuni vizuri. Mzee Khalfan Kiingereza anakijua, kafanya kazi ya ofisi miaka na miaka, kila neno linalosemwa ndani ya filamu analipata. Ila haoni. Mie naona mpaka kifungo cha koti, ila wanachosema sielewi hata kidogo. Ukituunganisha unapata mtazamaji mmoja kamili, ana miguu minne. Mwanawe wa Maskati alikuwa anamjazia filamu kwenye fleshi, na yeye hataki nyengine ila hizo za polisi na wezi za enzi zake, za sinema na za TV, zenye jazi. Tukianza baada ya sala ya alasiri, tunamaliza kabla ya magharibi. Ramadhani tunafunga duka. Miaka sita tumekwenda hivyo, na gari la maji nikamwachia binamu yangu, mie nikabaki na kigari changu kidogo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mdomo. Siku ya pili tu nilisimulia kila kitu. Mlango, zulia, meza, glasi juu ya meza, kivuli cha glasi juu ya meza. Boksi la tishu likanipata sikioni. Kipofu, lakini shabaha anayo.

"Nani kakwambia nataka kujua rangi ya meza?"

"Haina rangi, ami. Filamu yenyewe haina."

"Basi nyamaza nisikie muziki. Muziki unanambia nusu. Wewe nipe nusu nyengine, usinipe tatu."

Hapo ndo akaanza kunisomesha, na haya niandikieni mahali. Besi, lile gitaa kubwa kama kabati, likienda pole pole tu-tu-tu-tu, huo ni mguu wa mtu anayefuatwa na hajijui. Usiseme kitu. Ngoja likisimama, hapo ndo kageuka nyuma, hapo ndo useme kaona nini. Vile vyuma vinavyogongwa vikalia kama barafu ndani ya glasi, mtu kapigwa cha kichwa, anaona nyota. Ngoma ya mkono mbio mbio, gari linakimbizana na gari. Ngoma ikipigwa na vile vifagio vya waya, shh-shh, shh-shh, mtu anasubiri mtu. Hiyo Mzee Khalfan alikuwa akiiita "mama anapepeta". Mie nikajua ndo jina lake la kitaalamu, nikalihifadhi. Na muziki ukikatika ghafla, kaa vizuri, kuna maiti.

Vipindi vya TV, vile vya nusu saa nusu saa, alikuwa akivipenda zaidi kuliko filamu ndefu. Akisema wale walikuwa na wapigaji wanne watano tu, hakuna wa kuzembea, kila chombo kina kazi yake kama duka dogo.

Na kuna hili la mlango, ambalo hata nyie wenye macho mkalijaribu. Bendi ikiwa inapiga ndani ya klabu kwenye filamu, mlango ukifungwa muziki unafifia. Basi huo ni muziki wao, wanausikia wenyewe. Mlango ukifungwa na muziki haukubadilika, huo ni wetu sisi tu, wao hawausikii. Mie na macho yangu mawili sikuwa nimeligundua hilo maisha yangu yote.

Haya, kosa la pili, ndo lililonipa jina mjini. Bi Thureya anashona chumba cha pili, na ukuta wetu wa majlis ni ukuta jina tu, ukipiga chafya anakuombea rehema toka kule. Sasa filamu zile zina wanawake, na wanawake wale wamevaa, lakini hawajavaa. Mie naona haya. Nitamsimulia vipi mzee, na bibi anasikia? Nikaamua kuwavisha. Kila mwanamke akiingia namvisha buibui. Wakinywa pombe nawapa sharubati. Na akiingia yule ambaye hata buibui halitamsaidia, nambadilisha mtu kabisa.

Siku hiyo mpelelezi yuko ofisini kwake, mlango unafunguka, anaingia bibie, gauni limembana kama ngozi ya ndizi. Nikasema, "Ameingia mtu wa posta."

Saksafoni hiyo, inajivuta, inajinyonga, inapanda ngazi inashuka.

Mzee Khalfan akaweka kikombe chini. "Nani kaingia?"

"Mtu wa posta, ami. Kaleta barua."

"Mtu wa posta hapigiwi saksafoni."

"Labda ana habari nzuri, ami."

"Nimeishi duniani miaka themanini. Nimeletewa barua za kila namna. Sijapigiwa saksafoni hata siku moja. Nani kaingia?"

Kabla sijajibu, sauti ya Bi Thureya ikapita ukutani: "Mwambie ukweli, wewe mtoto. Mie filamu hizo nilizitazama Unguja kabla mamako hajazaliwa, na magauni yao tulikwenda kuyaiga kwa fundi. Mwambie gauni lina mkato wapi."

Nikamwambia lina mkato wapi. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Toka siku hiyo mtu akidanganya sokoni, watu wa Ibra wanamwambia huyo wa posta huyo. Nyie mnaotaka kazi ya kusimulia, au ya kuuza, au ya kuandika, hilo ndo somo: unaweza kubadilisha maneno, muziki hubadilishi.

Nizwa nako nilikwenda mara moja, nyumba ya watu wakubwa, wazee watano wanaonisubiri kwa halwa na kahawa. Nikasikia piano imeshuka chini kabisa pale daktari alipoingia, nikasema, "Huyu ndo kaua." Dakika ya kumi. Na kweli ndo alikuwa kaua. Walinipa halwa niondoke nayo, hawakunialika tena. Ukijua kabla ya wenzako, tafuna kitu.

Sasa nakuelezeni nilivyostaafu.

Kuna filamu moja Mzee Khalfan alikuwa akiitaka kuliko zote. Jina lake halikumbuki mtu. Yeye akiiita "ile ya mpiga tarumbeta wa hoteli". Mwanawe katafuta kwenye mitandao, hakupata, maana utaandika nini? Siku moja mzee akanambia, uso kaugeuzia ukutani:

"Kuna mtu Sur anaitwa Nassor. Anayo kwenye kaseti, aliirikodi TV zamani. Nenda kaazime. Usimwambie nani kakutuma."

"Ni nani huyo, ami?"

"Mtu."

Nikatoka. Bi Thureya kanisubiri mlango wa jikoni, mikono ina unga. "Kakwambia mtu, siyo? Ni nduguye. Tumbo moja. Mwaka wa tisa huu hawasemezani."

Akanieleza pale pale tumesimama. Mama yao alifariki hapa Ibra, asubuhi. Nassor akatoka Sur mbio na gari. Akapiga simu: niko Al Qabil, ningojeni, dakika ishirini. Hawakumngoja. Kafika makaburini watu wanajipangusa mchanga mikononi. Hakukaa hata matanga. Kageuza gari akarudi Sur.

"Mzee anasema sunna ni kuharakisha maiti," Bi Thureya akasema. "Nassor anasema dakika ishirini. Wote wawili wana haki, ndo maana haliishi. Nenda, na usije ukaropoka."

Nilikwenda. Mzee Nassor nilimkuta uani kwake kazungukwa na mafeni mabovu, mrefu, mkavu, macho makali kama ya mwewe. Nikatoa shikamoo, nikasema nimesikia ana filamu za zamani, mie mpenzi wa filamu za zamani.

"Wewe? Unajua Kiingereza?"

"Kidogo, ami."

"Unafahamu nini humo?"

"Muziki, ami."

Akaniangalia. Akaniita kwa kidole, njoo. Ndani ana deki ya kaseti imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama bibi harusi. Akaweka kaseti. Giza, mvua, barabara, na ngoma ile ya vifagio.

"Haya, fundi. Hapo kuna nini?"

Mie nimejaa sifa, nataka kumwonesha mimi ni mtaalamu. "Hapo mama anapepeta, ami. Mtu anasubiri mtu."

Akazima mashine.

"Umesema nani anapepeta?"

"Mama."

"Mama wa nani?"

"Si mama wa mtu, ami. Ndo jina lake hilo. Jina la hivyo vifagio."

"Jina lake kwa nani?" Akakaa. "Siye tulikuwa tukitoka sinema, tunarudi nyumbani, na mama yetu yuko ukumbini anapepeta mchele. Shh-shh. Ndugu yangu akanambia, sikiliza, mama anapiga ngoma ya filamu. Dunia nzima hiyo wanaijua watu wawili. Sasa wewe umeipata wapi?"

Mie niliyewavisha mabuibui wanawake wa Amerika nzima nikainamisha kichwa. Nikatazama mazulia.

"Hajambo?" akauliza.

"Hajambo, ami. Ila macho."

"Macho yana nini?"

Alikuwa hajui. Nikamwambia. Akaitoa kaseti, akawa anaizungusha mkononi. Kisha akanipa.

"Ziko mbili. Ya kwanza iliishia katikati, nikarikodi iliyobaki kwenye nyengine. Hii ya kwanza mpelekee. Ya pili haitoki nyumba hii."

"Nimwambie nini, ami?"

"Mwambie anayeitaka aifuate. Mwambie mie nitamngoja. Kungoja mie najua."

Njia nzima ya kurudi nayatafuna maneno hayo. Ya mwanzo yana hamaki lakini yanapita. Hayo ya mwisho ni kisu. Nikaamua kuyavisha buibui.

Tukatafuta deki Ibra nzima, tukaipata kwa fundi simu, tukaweka kaseti ya kwanza. Wadogo zangu, ile ilikuwa filamu. Hoteli, bendi iko chini, na yule mpiga tarumbeta ambaye kila mtu anampenda. Mwenye hoteli kapigwa risasi chumba cha juu. Inspekta anauliza, wewe ulikuwa wapi? Ami ananieleza: anasema alikuwa chini anapiga, watu wote wamemsikia. Kisha wanarudi nyuma kuonesha saa ile ya kuuliwa. Mwanamke anapita ukumbi wa juu, tarumbeta linasikika, anaingia chumbani, anafunga mlango.

"Rudisha," Mzee Khalfan akasema.

Nikarudisha.

"Mlango umefungwa?"

"Umefungwa, ami. Kwa komeo."

"Rudisha tena." Akasogea mbele mpaka karibu aanguke. "Tarumbeta halikufifia. Umesikia? Ama muziki huo ni wetu, ama halipigwi chini. Kuna santuri imewekwa chumba cha pili na mtu yule hayuko kwenye bendi. Niangalizie, anaonekana yuko chini?"

"Inaonekana bendi, ami, lakini kwa mbali. Watu wengi. Simwoni."

"Angalia vizuri."

"Naangalia mpaka macho yanalia, ami."

Na hapo kaseti ikafika mwisho. Kioo kikawa mchele mtupu.

Siku tatu hakutaka filamu nyengine yoyote. Nikija ananambia weka ile. Tunatazama mpaka mlango, tunabishana, inakatika. Siku ya tatu akanambia, "Nitungie mwisho." Nikamtungia mwisho mzuri sana, wa kukimbizana juu ya mapaa. Akasikiliza wote.

"Huo si mwisho. Hiyo taarifa ya habari. Hauna hata ngoma moja." Akajigeuza upande wangu. "Nassor alisema nini?"

"Nimeshakwambia, ami. Anayeitaka aifuate."

"Na baada ya hapo?"

"Basi, ami."

"Hapa hakuna saksafoni ya kunisaidia," akasema. "Umebaki wewe tu. Alisema nini?"

Kazi nilikuwa naitaka. Mzee nilikuwa nampenda. Niliona nikisema, ama atanifukuza ama atavunjika, na nikinyamaza atabaki katikati ya filamu mpaka anakufa. Nikasema. "Alisema atakungoja. Alisema kungoja yeye anajua."

Bi Thureya cherehani yake ilisimama kule nyuma ya ukuta. Mzee Khalfan akakitafuta kikombe kwa vidole, akakinywa chote, akakirudisha mahali pake.

"Gari lako lina mafuta?"

Tulitoka asubuhi baada ya kifungua kinywa. Kakaa mbele, kofia mpya, bakora katikati ya magoti, ananiuliza kila baada ya muda tumefika wapi. Nikamwambia tunaingia Al Qabil.

"Weka gari pembeni."

Nikaweka, kwenye ukuta wa shamba la mitende. Nikadhani anataka choo.

"Kutoka hapa mpaka nyumbani dakika ngapi?"

"Ishirini, ami. Ukiwa mbio, kumi na tano."

"Una saa? Nihesabie ishirini."

"Tufanye nini, ami?"

"Tukae."

Tukakaa. Wadogo zangu, miaka sita nafundishwa kunyamaza, na sijapata mtihani kama ule. Mashine inanguruma, baridi ya gari inapuliza, lori linapita, Mpakistani wa shamba anatupungia mkono namrudishia. Dakika ya tano nikataka kusema kitu nikajizuia. Dakika ya kumi na mbili nikataka kufa. Mzee kakaa kama yuko msikitini, anasikiliza, na hakuna cha kusikiliza.

"Zimekwisha, ami."

"Kweli?"

"Wallahi. Ishirini na moja."

"Hazikuwa nyingi," akasema. Kisha, "Yallah, twende."

Sur, Mzee Nassor alifungua mlango mwenyewe. Akatuona. Mie nikataka kujificha nyuma ya gari. Akamtazama nduguye, akayatazama yale macho, na yule ndugu mkubwa anatazama pembeni ya mlango, si usawa wake.

"Nani?" Mzee Nassor akauliza, na anajua nani.

"Sharia haikunikataza kukungoja," Mzee Khalfan akasema pale pale kizingitini, hakuna salamu hakuna nini. "Nilikuwa nikisema sunna, sunna. Si sunna. Watu wameshika jeneza, jua kali, wananitazama mie, mie ndo mkubwa. Ningeweza kusema mngojeni Nassor. Maneno matatu hayafiki. Sikusema. Nilitaka iishe."

Mie nilijifunza kazi ya kusimulia yanayoonekana, lakini ule uso wa Mzee Nassor sijui niusimulie vipi, na hakuna aliyeniomba. Akanyoosha mkono akaushika ule wa bakora.

"Kuna ngazi hapa," akasema. "Mbili. Ya pili fupi."

Ndani, deki iko tayari, kaseti ya pili iko juu yake. Sijui ilikaa pale toka lini. Nikamkalisha mzee wangu, nikakaa upande wake wa kulia kama kawaida, nikasafisha koo. Mzee Nassor akasimama juu ya kichwa changu.

"Wewe, fundi wa muziki. Nenda sokoni kalete samaki na mkate. Nguru, mkubwa."

"Ami, filamu inaanza. Nani atamsimulia?"

"Mie nina macho."

Nikamtazama Mzee Khalfan anitetee. Kageuza uso. "Na ndimu," akasema.

Nikatoka. Nilipokuwa navaa viatu nasikia ndani filamu imeanza, na Mzee Nassor naye kaanza, na wadogo zangu, alikuwa mbaya. Mbaya sana. Anasimulia meza. Anasimulia zulia. Anasema koti hili ni kama lile la baba, unalikumbuka, lililoliwa na panya. Tarumbeta limeingia na yeye anazungumza juu yake, hanyamazi. Nikangoja boksi la tishu liruke. Halikuruka. Nasikia tu mzee wangu anasema "enhe", "enhe", "ehe, lile lenye mfuko".

Nilikwenda, nikapata nguru, nikapata ndimu, foleni ya mkate ndefu. Niliporudi kioo cheupe, kaseti imekwisha kitambo, hakuna aliyeizima. Wamekaa bega kwa bega wanasemezana wote kwa pamoja, habari ya mama yao na jirani mmoja wa Unguja na kuku.

"Ami," nikasema. "Nani kaua?"

"Kamuua nani?" Mzee Khalfan akauliza.

"Mwenye hoteli. Ilikuwa santuri?"

Wakatazamana, yaani mmoja akamtazama mwenzake. "Ilikuwa bendi," akasema Nassor. "Ilikuwa santuri," akasema Khalfan. "Wewe uliona wapi santuri?" "Nilisikia." "Ulisikia nini, ulikuwa unazungumza." "Nani alikuwa anazungumza?" Mpaka leo sijui nani kaua.

Baada ya kula nikauliza tunaondoka saa ngapi. Mzee Khalfan akanambia nenda, nitabaki kidogo. Akaniita karibu, akanishika bega, akanambia, "Ulikuwa macho mazuri." Ulikuwa. Hapo ndo nikajua nimestaafu.

Nilirudi Ibra peke yangu. Bi Thureya yuko barazani, kashafahamu gari linavyolia bila ya mtu wa mbele.

"Yuko wapi?"

"Kabaki Sur, bibi."

"Wamesemezana?"

"Wanasema wote wawili kwa pamoja. Hakuna anayemsikiliza mwenzake."

Akakaa kwenye ngazi, akavuta mtandio akajipangusa uso. Kisha akainuka, akaingia ndani, akarudi na mkoba.

"Kesho mpelekee dawa zake za macho, kazisahau. Na kanzu. Nitie tatu?"

"Sijui, bibi. Alisema kidogo."

Akafikiri.

"Shika mkoba," akasema. "Natia saba."